Nyumba ya Kupangisha Juu ya Mawe ya Nyiragongo

Katikati ya mji wa Goma zipo nyumba ambazo mlango wake wa leo zamani ulikuwa dirisha. Mgeni apitaye njiani huona nyumba fupi, naye hajui kwamba chini ya miguu yake iko ghorofa nyingine iliyojaa mawe. Wenyeji wajua sababu yake. Siku ya Alhamisi, tarehe 17 Januari 2002, mlima Nyiragongo ulipasuka ubavuni, na mto wa moto ukashuka hata mjini. Ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukapita katika mitaa ya biashara, ukaingia ziwani Kivu. Asilimia 13 hivi ya mji ilifunikwa. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliteketea. Watu wapatao 120,000 walikosa makao.

Siku chache tu zilipita, watu wakaanza kurudi. Jiwe lilikuwa bado lina joto. Wakatafuta mahali palipokuwa ua wao, wakipima kwa hatua kutoka ukuta fulani uliosalia, kisha wakajenga nyumba za mbao juu ya jiwe lile jipya. Wala hawakujenga mahali pa kulala wenyewe tu. Si wachache walioongeza chumba kimoja au viwili vya kupangisha.

Jambo hilo liliwashangaza wageni, lakini halipasi kutushangaza sisi. Katika Goma nyumba ndiyo akiba ya mtu mdogo. Mwalimu hana pensheni ya kumtosha. Muuguzi halipwi kila mwezi. Mama auzaye vitenge huko Birere ajua kwamba fedha iliyomo sandukuni huliwa kidogo kidogo, na fedha iliyomo katika benki nayo yaweza kufungiwa: mwisho wa Januari 2025, vita ilipoingia mjini, mabanki yalifunga milango yake, na wenye akiba wakabaki na karatasi za hesabu mikononi. Lakini chumba chenye mpangaji huleta kitu.

Basi hatutaki kumkataza mtu kujenga nyumba ya kupangisha. Twataka kumwonyesha jinsi ya kuhesabu kabla ya kununua jiwe la kwanza la msingi. Maana zipo jamaa zilizopoteza akiba ya miaka ishirini, wala si kwa moto wa mlima tu, bali kwa hesabu mbaya, kwa kiwanja kibaya, na kwa karatasi mbaya.

HESABU YA MIAKA

Tuchukue mfano. Bei tutakazotaja ni za mfano tu. Kila mtu aweke zake. Tuseme baba mmoja ana dola 8,000. Anunua kiwanja kidogo, ajenga juu yake vyumba vinne vya mbao vyenye msingi wa mawe na paa la mabati. Kila chumba atakipangisha kwa dola 30. Upesi upesi aandika katika daftari: dola 120 kwa mwezi, dola 1,440 kwa mwaka, baada ya miaka mitano na nusu fedha yangu imerudi yote.

La, ndugu yangu, haijarudi. Vyumba vinne havijai mwaka mzima. Chumba kimoja kitakaa kitupu miezi miwili. Mpangaji wa chumba kingine atalala humo miezi mitatu bila kulipa, halafu ataondoka usiku. Hapo dola 150 zimekwenda. Tena mbao huoza kwa mvua. Mabati ya Goma hayadumu kama mabati ya mahali pengine, kwa sababu moshi wa mlima huchanganyika na mvua ukaifanya iwe kali kama siki, nayo hula chuma. Choo kitajaa. Kufuli litavunjwa. Kodi ya serikali itadaiwa. Tuseme dola 300 kwa hayo yote. Inabaki kasoro kidogo ya dola 1,000 kwa mwaka, yaani fedha yako itarudi baada ya miaka minane, si mitano na nusu.

Je, miaka minane ni mingi au michache? Hapo ndipo Goma hutofautiana na Nairobi au Kampala. Mlima ulimwaga moto tarehe 10 Januari 1977. Ukamwaga tena tarehe 17 Januari 2002. Ukamwaga tena jioni ya tarehe 22 Mei 2021. Kati ya mara ya kwanza na ya pili ilipita miaka 25, na kati ya ya pili na ya tatu miaka 19. Mlima hauna kalenda, wala hakuna awezaye kusema ni lini utarudia. Tena moto wa chini ya ardhi si hatari ya peke yake. Mwaka 1994 walifika wakimbizi mamia ya maelfu. Mwaka 1996 ikaja vita, na mwaka 1998 ikaja nyingine. Novemba 2012 mji ulitwaliwa na M23 kwa siku kumi hivi, na tarehe 27 Januari 2025 ukatwaliwa nao tena. Ukiziandika tarehe hizo zote katika mstari mmoja, utaona kwamba ni shida kupata miaka kumi mfululizo isiyo na msukosuko mkubwa.

Kwa hiyo kipimo chetu ni hiki: katika Goma, nyumba ya kupangisha ambayo haiwezi kurudisha gharama yake kabla ya miaka kumi ni mchezo wa bahati, hata ikiwa nzuri namna gani. Vyumba vinne vya mbao vyaweza kukipita kipimo hicho. Nyumba kubwa ya ghorofa kando ya ziwa mara nyingi haikipiti.

WALE WALIOJENGA KWA AJILI YA WAGENI

Yafaa tusimame kidogo hapa, kwa sababu kosa hili limewapata watu wenye akili na wenye mali.

Wakimbizi walipofika Julai 1994, mashirika ya msaada yalifika nyuma yao, na mengi hayakuondoka. Baadaye, tangu 1999, wakaja watu wa Umoja wa Mataifa. Wote hao walitaka nyumba: zenye ukuta mrefu, maji ya tangi, jenereta, mlinzi getini na nafasi ya magari. Walilipa kwa dola, tena kwa miezi mingi pamoja. Bei ya nyumba ikapanda katika Himbi, katika Katindo, katika mtaa wa Les Volcans. Wafanya biashara wenye fedha za madini, za mbao na za forodha wakaona faida, wakajenga. Ukipita njia za kando ya ziwa waona kazi yao: nguzo nene, vioo vya rangi, vyumba vya kulala kumi. Jamaa ya Kigoma... la, tuseme ya Goma yenyewe, yenye watoto saba na mshahara wa mwalimu, haiwezi kukaa humo. Nyumba hizo zilijengwa kwa ajili ya mpangaji wa namna moja tu.

Basi akiondoka huyo mmoja, nani ataingia? Mwanzo wa mwaka 2025 mambo mawili yalikutana. Marekani ilikata sehemu kubwa ya msaada wake wa nje, na vita ikaingia mjini. Mashirika mengi yakahamisha watumishi wao au kuwapunguza, na uwanja wa ndege ukafungwa. Mwenye nyumba kubwa alibaki na mlinzi wa kumlipa, bustani ya kufyeka, na labda deni la benki. Lakini yule mwenye vyumba vinne vya mbao huko Majengo alipata hasara ya namna nyingine: wapangaji wake waliliwa na njaa, wakalipa nusu, au wakalipa kwa kuchelewa, lakini hawakuhamia Nairobi. Walikuwepo. Muuza makaa yupo daima, na mshona viatu, na mwanafunzi wa chuo kikuu, na askari wa doria, na bibi arusi mpya.

Hatusemi kwamba kupangishia mashirika ni kosa. Aliyejenga mwaka 1995 alikwisha kurudisha fedha zake mara nyingi. Lakini asikope mtu, wala asiuze shamba la mashariki au ng'ombe za Masisi, ili ajenge jumba kwa ajili ya mpangaji ambaye ataitwa na mkubwa wake kwa simu moja akapakia vitu siku ile ile. Mwenye dola 16,000 ni afadhali ajenge mara mbili, mahali pawili mbalimbali pa mji, kuliko kujenga mara moja kwa fahari.

CHINI YA SAKAFU KUNA NINI?

Sasa tuseme juu ya kiwanja. Huko kwingine mtu huuliza kama udongo ni mzuri. Huku hakuna udongo wa kuuliza, kuna jiwe. Jiwe hilo ni rafiki na adui. Ni rafiki kwa sababu msingi juu yake hausogei, tena mawe ya kujengea huvunjwa papo hapo uani. Ni adui unapotaka kuchimba choo. Wachimbaji wa Goma hupasua jiwe kwa nyundo na tindo, siku baada ya siku, na mwenye nyumba aonaye gharama yake huwaambia waache wangali karibu na juu. Hapo ajidanganya. Choo kifupi hujaa upesi; nyumba yenye jamaa nne na choo kifupi itanuka, kisha itaugua. Kipindupindu ni mwenyeji wa kando ya ziwa hili. Mwaka 1994, katika muda wa majuma machache, kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ya wakimbizi. Mpangaji mwenye busara hutazama choo kabla ya kutazama chumba. Basi nawe fedha ya choo iandike kwanza katika hesabu yako.

Jambo la pili chini ya sakafu halionekani kwa macho. Ni mazuku. Katika sehemu za magharibi ya mji, kuelekea Kyeshero, Lac Vert na Mugunga, hewa ya kaboni hutoka katika nyufa za mawe. Hewa hiyo ni nzito kuliko hewa tuivutayo, hata hutulia mabondeni na mashimoni kama maji. Haina rangi, wala haina harufu ya kumwonya mtu. Usiku na alfajiri, upepo unapotulia, huzidi. Asubuhi watu huokota mbuzi, mbwa au ndege waliokufa, na mara kwa mara mtoto au msafiri aliyelala chini. Jina lenyewe ni la wenyeji, nao wataalamu wa milima ya moto ulimwenguni wameliingiza katika vitabu vyao hivyo hivyo.

Mji umepanuka kuelekea huko, kwa sababu viwanja ni vya bei ndogo. Mwenye kuuza kiwanja hatakuambia. Waulize wazee wa mahali, waulize watoto wachungao mbuzi. Wao wajua shimo lipi mbuzi hawarudi. Ofisi ya kuchunguza milima ya moto iliyoko Goma imekuwa ikipima mahali hapo na kusimika vibao vya kuonya. Ukisikia kwamba kiwanja kiko katika bonde la mazuku, usikinunue hata ukipewa kwa robo ya bei. Ikiwa nyumba imekwisha kujengwa karibu, usifanye chumba chochote kilicho chini ya usawa wa njia, wala usimweke mpangaji alale sakafuni. Hapo si habari ya faida tena. Ukimpangishia mtu chumba ambacho wajua kwamba kinaua, utajibu.

Upande wa kaskazini, kuelekea mlimani, shauri ni jingine. Mwaka 2021 moto ulisimama Buhene, kwenye ukingo wa mji, baada ya kuteketeza nyumba zaidi ya 3,000 katika wilaya ya Nyiragongo. Wengi walionunua huko walinunua kwa sababu ya bei ndogo. Watu watajenga tena, twajua. Anayejenga ajenge kwa mbao za kubomolewa na kubebwa, wala asiweke huko akiba yake yote.

KARATASI

Dalali, ambaye watu wa Goma humwita komisioneri, atakuambia: "Mzee, kiwanja hiki ni safi, karatasi zote zipo." Muulize, karatasi gani?

Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 yasema kwamba ardhi yote ya Kongo ni mali ya Serikali. Mtu hanunui ardhi. Hupewa haki ya kuikalia, na raia wa Kongo aweza kupewa haki hiyo bila kikomo cha miaka. Haki hiyo huthibitishwa na karatasi moja tu, yaani cheti cha kuandikishwa, ambacho konservateri hukitia katika kitabu chake. Baada ya miaka miwili tangu kuandikwa, cheti hicho hakiwezi tena kubomolewa mahakamani. Aliyedhulumiwa hubaki na njia ya kudai fidia peke yake. Sheria hiyo ni ngao kwa mwenye cheti cha kweli. Kwa aliyelala miaka miwili huku mwingine akiandikisha kiwanja chake, ni upanga.

Karatasi nyingine zote, yaani barua ya chifu, hati ya mauzo iliyotiwa sahihi na mashahidi wanne, risiti ya kadastri, ni hatua za njiani. Si mwisho wa njia. Kuzunguka mji, katika nchi ya chifu wa Bakumu, wengi wamenunua kwa barua ya chifu wakajenga na kupangisha, nao wakaa salama hata siku anapofika mtu wa pili mwenye barua ya pili ya mahali pale pale. Upande wa Mugunga na Nzulo kuna hatari zaidi: mpaka wa Pori la Virunga, lililowekwa mwaka 1925, upo huko, na ardhi ya pori haiuzwi na chifu wala na mtu ye yote. Aliyeinunua amenunua upepo.

Basi kabla ya kutoa hata dola moja, nenda mwenyewe kwa konservateri ukaulize kitabu chasemaje juu ya namba ya kiwanja. Usimtume dalali. Nenda kwa majirani wa pande zote nne, ukawaulize mpaka uko wapi. Maana katika mitaa iliyofunikwa mwaka 2002 alama za mipaka zimelala chini ya jiwe, na ugomvi wa hatua mbili umekula fedha za watu wengi. Muulize muuzaji: mke wako yu wapi? Sheria ya Jamaa yataka wote wawili, mume na mke, wakubali nyumba yao inapouzwa. Mume auzaye peke yake, kwa siri, akuuzia kesi.

Na tahadhari moja ya siku hizi. Mji unapokimbiwa, nyumba huuzwa kwa bei ya kutupa, na wauzaji si wenyewe sikuzote. Tena tangu Januari 2025 mji umejua wakuu wa namna mbili, wa hapa na wa Kinshasa. Cheti kilichotolewa na hawa chaweza kukataliwa na wale. Mwenye fedha katika nyakati kama hizo atengeneze paa la nyumba aliyo nayo, achimbe choo, anunue mbao. Kiwanja kitamngojea.

GARANTI SI MALI YAKO

Hapa ndipo ugomvi mwingi hutoka. Kijana mmoja aingia chumbani, alipa garanti ya miezi mitatu. Miaka miwili yapita kwa amani. Siku moja aja kwa mwenye nyumba.

"Mama, shikamoo. Nimepata kazi Butembo. Nitahama mwisho wa mwezi. Naomba unirudishie garanti yangu."

"Marahaba, mwanangu. Garanti gani tena? Ile si mabati haya unayoyaona? Ngoja nipate mpangaji mwingine, nitakupa yake."

Mama huyu si mwizi. Alifanya kama wengi wafanyavyo: garanti ya mpangaji wa kwanza alinunulia mabati, garanti ya pili alilipia shule, na sasa hana kitu ila tumaini la kupata mwingine wa kumlipa wa kwanza. Lakini siku ya tarehe 27 Mei 2021, wakuu walipoamuru mitaa kumi ya Goma ihame kwa hofu ya mlima, watu wakaenda Sake, Rutshuru na Gisenyi na magodoro kichwani, wapangaji wengi walihitaji fedha yao siku moja. Nani aliyekuwa nayo?

Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya nyumba za kupangisha ilikataza kudai garanti ya zaidi ya miezi mitatu kwa nyumba ya kukaa. Wapo wanaodai miezi sita hata leo. Hao huvunja sheria, tena hujifungia soko, kwa maana fundi na mwalimu hawawezi kuipata. Chukua mitatu, au miwili, uiweke mbali na fedha ya nyumba. Ikikushinda kabisa, afadhali uandike katika mapatano kwamba miezi ya mwisho ya kukaa italipwa kwa garanti ile. Hapo utakuwa umesema kweli tangu mwanzo.

Mapatano yaandikwe, hata kama mpangaji ni mtoto wa shangazi yako. Karatasi mbili, sahihi mbili. Yaandikwe mambo haya: pango ni kiasi gani, kwa dola au kwa faranga, italipwa tarehe gani, umeme utagawanywaje ikiwa mita ni moja kwa vyumba vinne, kwa sababu pasi moja ya nguo imeharibu urafiki wa nyua nyingi, nani atatengeneza kufuli, notisi ni ya siku ngapi. Katika Goma tungeongeza sharti moja lisiloonekana mahali pengine: moto wa mlima ukiiteketeza nyumba, mapatano yamekwisha siku hiyo, wala hakuna anayedai pango, na garanti itarudishwa kwa awamu. Tena, wakuu wakiamuru mtaa uhame, pango lisihesabiwe kwa siku hizo. Wengine wataona jambo hili gumu. Walakini mpangaji aliyesamehewa siku kumi za kukimbia hurudi katika chumba kile kile.

Na asiyelipa? Wapo wenye nyumba wanaong'oa mlango au kuondoa bati ili mvua imtoe mpangaji. Ni kosa, na hakimu ataliona kuwa kosa, hata kama wadai miezi mitano. Nenda kwanza kwenye idara ya makazi ya komuni, wakapatanishwe; ikishindikana, mahakama. Ni njia ndefu, twajua. Kwa hiyo usiache deni lifike mwezi wa tatu ndipo uanze kusema. Sema mwezi wa kwanza, kwa adabu, mbele ya mkewe au mumewe.

Juu ya kodi ya serikali tutasema machache. Tangu sheria ya tarehe 10 Februari 1969, fedha itokayo katika pango hutozwa kodi. Mpangaji aliye kampuni au shirika hukata sehemu ya pango na kuipeleka mwenyewe ofisini. Mwenye nyumba adai risiti kila mara, au atalipishwa mara ya pili. Mwenye vyumba vidogo hujidhania kwamba amesahauliwa. Siku watakapomkumbuka, watahesabu miaka yote.

MUME AKIFA

Pango likiletwa kila mwezi kwa baba, na daftari likawa mfukoni mwake, na wapangaji wakamjua yeye peke yake, basi siku ya matanga watakuja shemeji zake mama. Watawaambia wapangaji: tangu sasa mtatuletea sisi. Tumeliona mara nyingi, na wajane wengi huamini kwamba ndiyo desturi, hawana la kusema.

Wanalo. Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, yampa mjane haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyokaa na mumewe. Na nyumba hiyo ikipangishwa, pango hugawanywa sehemu mbili, moja ya mjane na moja ya watoto. Ndugu za marehemu si watoto wake. Lakini sheria husaidia aliye na ushahidi. Kwa hiyo mama na ajue namba ya cheti, awajue wapangaji kwa majina, atie sahihi yake katika mapatano pamoja na mumewe, na daftari la pango liandikwe naye. Mabinti wakubwa nao waonyeshwe.

Mwaka 2002 cheti nyingi ziliteketea pamoja na sanduku zilimowekwa. Toa nakala tatu za kila karatasi. Moja ikae karibu na mlango, ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na vitambulisho vya watoto, ipate kunyakuliwa usiku bila taa. Moja apewe ndugu aliye mbali na mlima huu, Bukavu au Butembo. Ya tatu ipigwe picha kwa simu na kutumwa kwa watoto wawili, si mmoja.